Simu inajizima na kujiwasha yenyewe baada ya kubadilishiwa kerneli: kosa litafutwe wapi?

Jumamosi moja nilikuwa mnadani nikitangaza bei za ng'ombe na mbuzi moja kwa moja kwa simu yangu. Nikiwa katikati ya bei ya madume ya miaka mitatu, simu ikazima. Studioni wenzangu wakabaki wanaita, na ninyi wasikilizaji mkabaki mnasikia ukimya. Kabla sijafungua mfuniko nione kama betri imechomoka, ikajiwasha yenyewe. Dakika ishirini baadaye ikarudia.

Simu ile nilikuwa nimeinunua mkononi. Kijana mmoja aliyesomea kompyuta mjini alikuwa ameibadilishia kerneli, yaani kiini cha mfumo wake, akaweka aliyoijenga mwenyewe ili simu iwe na kasi zaidi na ikae na chaji. Kwa wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya pili ndiyo ile ya mnada.

Tangu nilipolisimulia jambo hili hewani, wasikilizaji wengi wametuma ujumbe: simu imeflashiwa na fundi, sasa inaganda, inajizima, au inazunguka kwenye nembo ya kampuni bila kufika kwenye menyu. Wengine wana kumbukumbu za kikoba ndani ya simu hizo, wengine picha za marehemu wazazi wao. Makala hii inaeleza kerneli ni nini, kwa nini iliyojengwa upya inaweza kuyumba, na namna ya kutafuta kosa hatua kwa hatua bila kupoteza vitu vyako na fedha zako.

Kerneli ni nini?

Simu ina sehemu unazoweza kuzishika: kioo, betri, kamera, spika, na chipu inayofanya hesabu zote. Ina pia programu unazozifungua kwa kidole: ya ujumbe, ya picha, ya redio. Kati ya hizo mbili kuna msimamizi usiyemwona. Huyo ndiye kerneli.

Programu ya kamera haiigusi kamera moja kwa moja. Inaiomba kerneli, na kerneli ndiyo inayoiamsha kamera. Kerneli pia hugawa zamu, kwa sababu programu nyingi zinataka kutumia chipu kwa wakati mmoja. Hugawa nafasi ya kumbukumbu ili programu moja isiingie kwenye eneo la nyingine. Huamua chipu ikimbie kwa kasi gani, ipewe volti ngapi, na simu ilale saa ngapi ili chaji isiishe.

Programu ya kawaida ikikosea, kerneli huifunga na simu huendelea. Lakini kerneli yenyewe ikikosea, hakuna aliye juu yake wa kuirekebisha. Ikigundua kosa kubwa lisilotibika, husimamisha kila kitu kwa makusudi, maana kuendelea kungeweza kuharibu kumbukumbu zilizohifadhiwa. Kisha simu nyingi hujiwasha upya. Ndiyo maana hukuona onyo lolote: aliyepaswa kukuonya ndiye aliyeanguka.

Simu zote za Android hutumia kerneli iitwayo Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Leo ina zaidi ya mistari milioni 20 ya maandishi ya programu, na imeandikwa na maelfu ya watu. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa madukani ilitoka mwaka 2008, nayo ilikuwa na kerneli hiyo hiyo.

Kwa nini mtu ajenge kerneli yake?

Linux hutolewa kwa leseni inayomtaka anayeisambaza atoe pia maandishi yake ya asili kwa wanaopokea. Kwa hiyo kampuni nyingi za simu huyaweka wazi maandishi ya kerneli zao, na mtu mwenye ujuzi huweza kuyachukua, kuyabadilisha, kisha kuyapitisha kwenye programu inayoyageuza kuwa lugha ya mashine. Kazi hiyo ndiyo mafundi huiita kukompaili.

Sababu za kufanya hivyo ni za maana. Kampuni huacha kutoa masasisho baada ya miaka michache, na simu nzima kabisa hubaki na matundu ya usalama. Wengine hutaka kuongeza kasi, wengine kupunguza ulaji wa chaji, wengine kuondoa vitu wasivyovihitaji.

Ugumu ni kwamba wakati wa kujenga kuna maelfu ya mambo ya kuchagua: kiendeshi kipi kiwemo, kipi kiachwe, kasi ipi iruhusiwe. Kiwandani, uchaguzi huo hujaribiwa kwenye simu nyingi kabla haujafika sokoni. Kijana wangu alijaribu kwenye simu moja, mezani kwake, kivulini. Mnadani jua lilikuwa la saa saba mchana.

Kabla ya kugusa chochote

Simu inayoyumba inaweza kuzima ikiwa katikati ya kuandika kumbukumbu zake, na picha au majina yakaharibika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuokoa mali, halafu ndipo utafute kosa.

Nakili picha na sauti kwenye memori kadi au kompyuta. Hakikisha majina na namba zimehifadhiwa pia kwenye laini au kwenye akaunti yako. Kumbukumbu za kikoba ziandike kwenye daftari, hata kama ni kazi ya jioni nzima. Piga *#06# uandike namba za IMEI pembeni, kwa sababu kuflashi vibaya kunaweza kuzipoteza, na simu isiyo na IMEI haishiki mtandao vizuri au haishiki kabisa. Fundi akikuambia atakuwekea IMEI nyingine, kataa. Kubadilisha IMEI ni kosa la jinai hapa Tanzania.

Jua pia kwamba kazi nyingi za kurekebisha mfumo hufuta kila kitu. Kufungua kufuli ya kiwandani inayozuia mifumo mingine kuingia, kwa mfano, kwa kawaida hufuta kumbukumbu zote za simu. Fundi anayeanza kazi bila kukuuliza kuhusu hilo hajakutendea haki.

Kisha tazama kama kweli una kerneli iliyobadilishwa. Ingia Mipangilio, halafu Kuhusu simu, utafute mahali panapoandikwa toleo la kerneli. Katika simu nyingi utaona namba ya toleo, jina la aliyeijenga au la mashine aliyotumia, na tarehe. Ukikuta jina la mtu usiyemjua na tarehe ya juzi kwenye simu ya miaka sita iliyopita, basi kuna mkono uliopita.

Soma dalili kwanza

Wengi tunasema tu "simu inazimazima". Lakini namna inavyozima hutoa habari kubwa.

Ikizima kabisa na kubaki imezima mpaka uiwashe, hasa wakati chaji inaonyesha asilimia 20 au 30, mshuku betri kwanza. Betri iliyozeeka hushindwa kutoa umeme mwingi kwa ghafla. Ukiwasha kamera au kupiga simu, volti zake huporomoka na simu hukata, ingawa namba kwenye kioo bado inaonyesha chaji ipo.

Ikijiwasha upya yenyewe bila wewe kugusa, kuna uwezekano mkubwa kwamba kerneli imeanguka. Au imeganda mpaka saa ya ulinzi iliyomo ndani ya simu, ambayo husubiri ishara ya uhai kila baada ya muda mfupi, ikaona kimya na kuamuru simu ianze upya.

Ikilala vizuri lakini haiamki, kioo kimebaki cheusi na ukipigiwa inaita kwa mpigaji ila kwako hakuna kitu, kosa mara nyingi liko kwenye sehemu ya kerneli inayolaza na kuamsha vifaa, au volti za chini kabisa zimepunguzwa kupita kiasi.

Ikizunguka kwenye nembo bila kufika popote, huenda kerneli haikuweza kumaliza kuamka. Hapo hujafika hata kwenye mambo ya kasi na joto. Kuna kitu cha msingi kilichokosekana, au kerneli si ya simu hiyo. Simu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani.

Andika kila tukio kwenye daftari: saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, chaji ilikuwa asilimia ngapi, simu ilikuwa ya moto au baridi, ilikuwa imechomekwa kwenye chaja au la. Daftari langu la siku nne lilionyesha kitu ambacho kichwa changu hakikukiona. Simu haikuwahi kuzima usiku. Matukio yote yalikuwa kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Hii ndiyo kanuni inayotenganisha fundi na mbahatishaji. Pikipiki ikikataa kuwaka, ukabadilisha plagi, mafuta na waya kwa pamoja, ikawaka, hutajua nini kilikuwa kibovu. Simu ni hivyo hivyo. Badilisha kitu kimoja, uiache ifanye kazi kwa muda unaozidi ule iliokuwa inachukua kuzima, kisha uandike matokeo. Kama ilikuwa ikizima mara moja kwa siku, kukaa saa tatu bila kuzima hakujathibitisha chochote. Ipe siku tatu au nne.

Jaribio la kwanza ni hali salama, na unaweza kulifanya mwenyewe. Katika simu nyingi, bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka uone neno la kuzima, kisha ushikilie neno hilo kwa kidole mpaka ikuulize kama unataka kuingia hali salama. Humo, programu zote ulizopakua hazifanyi kazi. Simu ikitulia, mkosaji huenda ni moja ya programu hizo. Ikiendelea kuanguka, programu zako hazina hatia. Yangu iliendelea.

Jaribio la pili ni la vitu vidogo vya kushikika. Ondoa memori kadi, kwa sababu kadi mbovu inaweza kuigandisha simu. Tumia chaja nyingine. Ondoa kava zito linalozuia joto kutoka.

Jaribio la tatu ndilo muhimu kuliko yote: rudisha kerneli ya kiwandani, na kitu kingine chochote usikiguse. Fundi anaweza kuifanya kwa kompyuta. Simu ikitulia na kerneli ya kiwandani, betri ile ile, memori kadi ile ile, joto lile lile, basi umemjua mkosaji. Ikiendelea kuzima, kerneli mpya imesingiziwa, na unapaswa kutafuta kwenye betri, chipu au waya.

Hapa nakiri kosa langu. Mimi nilianza na betri. Nilitoa shilingi 15,000 nikanunua mpya, na siku iliyofuata simu ikazima kama kawaida. Kurudisha kerneli ya zamani kungenigharimu nusu saa ya fundi na kungenijibu swali moja kwa moja. Nilipoirudisha hatimaye, nilikaa wiki nzima, nikaenda mnada mwingine, simu haikuzima hata mara moja.

Kwenye simu kadhaa kuna njia iliyo nafuu zaidi. Fundi huweza kuiwasha simu kwa kerneli ya majaribio kutoka kwenye kompyuta bila kuiandika ndani. Ukizima na kuwasha, ile ya zamani inarudi. Muulize fundi wako kama simu yako inakubali njia hiyo kabla hajaandika chochote.

Kerneli huacha maneno ya mwisho

Kerneli inapofanya kazi huandika kumbukumbu ya kila jambo: kifaa gani kimewaka, kipi kimekataa, wapi pametokea hitilafu. Inapoanguka huandika pia mahali ilipokuwa na kazi iliyokuwa mkononi. Tatizo ni kwamba maandishi hayo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika umeme ukikatika.

Kwa bahati nzuri, simu nyingi za Android hutenga kipande kidogo cha kumbukumbu hiyo kwa ajili ya maneno ya mwisho. Simu ikijiwasha upya bila umeme kukatika, kipande hicho hubaki na kerneli inayofuata hukiweka kwenye folda iitwayo pstore. Kwenye simu za zamani zaidi kilikuwa faili la last_kmsg. Kwa hiyo simu ikianguka usikimbilie kuchomoa betri. Iache ijiwashe yenyewe, kisha umpelekee fundi ayasome mapema, kabla haijazimwa tena.

Fundi atakutana na mistari mingi isiyoeleweka kwa mtu wa kawaida. Cha kutafuta ni mstari unaotaja kuanguka kwenyewe, na orodha inayoufuata ya kazi zilizokuwa zikiitana wakati huo. Asisome tukio moja tu. Akusanye matatu au manne, ayalinganishe.

Kerneli ikianguka mahali pale pale kila mara, kwa mfano kila mara ndani ya kiendeshi cha Wi-Fi, kosa liko kwenye maandishi ya sehemu hiyo au kwenye kifaa hicho. Linaweza kufuatwa na kurekebishwa. Lakini ikianguka leo kwenye sauti, kesho kwenye kuhifadhi faili, keshokutwa kwenye kazi isiyofanana kabisa, basi si rahisi sehemu zote hizo ziwe zimekosewa kwa pamoja. Kuna kitu cha chini zaidi kinachokosesha hesabu: volti hazitoshi, kasi imezidi, joto limepanda, au chipu ya kumbukumbu ni mbovu.

Maneno ya mwisho ya simu yangu yalisomwa mara tatu. Mara tatu, sehemu tatu tofauti.

Kasi, volti na joto

Chipu ya simu ina mabilioni ya swichi ndogo sana zinazofunguka na kufunga. Kila swichi inahitaji muda kidogo kukamilisha kazi yake. Ukiongeza kasi unazipa muda mfupi zaidi. Ukipunguza volti unazifanya ziwe nzito. Ukifanya yote mawili kwa pamoja, itafika saa swichi moja itachelewa, jibu la hesabu litakuwa si sahihi, na kerneli itaanguka.

Kishawishi cha kupunguza volti ni kikubwa, kwa sababu umeme unaoliwa na chipu wakati wa kazi hushuka haraka kuliko volti zenyewe. Ukipunguza volti kwa asilimia 10, ulaji huo hushuka kwa karibu asilimia 19. Chaji inakaa na simu haichemki sana. Ndiyo maana wajenzi wa kerneli wanaipenda njia hiyo.

Lakini chipu hazizaliwi sawa. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kutofautiana: moja inavumilia volti za chini, nyingine haivumilii. Kiwanda huacha nafasi ya ziada ili hata iliyo dhaifu ifanye kazi kwenye joto na kwenye betri iliyochakaa. Mjenzi wa kerneli huila nafasi hiyo. Kwa hiyo "kwa rafiki yangu inafanya kazi vizuri" si ushahidi kwamba kwako itafanya.

Kijana wangu alikuwa amepandisha kasi kutoka gigahezi 1.4 hadi 1.7, na papo hapo amepunguza volti. Tulirudisha volti kwanza, tukaacha kasi. Kwa siku tano simu ilitulia, siku ya sita mchana ikaanguka mara moja. Tukarudisha na kasi. Tangu hapo nimekwenda minada kadhaa na haijazima. Kerneli bado ni ile aliyoijenga yeye, na masasisho ya usalama aliyoyaweka bado yamo. Kilichoondoka ni tamaa.

Vitu vilivyopotea baada ya kerneli mpya

Wapo wasikilizaji ambao simu zao hazianguki, ila Wi-Fi haiwaki, kamera inafunga, au redio ya FM haifunguki. Hili la FM linatuuma sisi zaidi.

Kila kifaa ndani ya simu kinahitaji kiendeshi, yaani kipande cha programu kinachoifundisha kerneli namna ya kuzungumza nacho. Viendeshi vingine hujengwa ndani ya kerneli, vingine hukaa pembeni kama mafaili yanayopakiwa yanapohitajika. Haya ya pembeni yanapaswa kulingana na kerneli iliyopo. Ukibadilisha kerneli ukaacha mafaili ya zamani, kerneli huweza kuyakataa, na kifaa kinakuwa kama hakipo. Dawa ni kujenga na kuweka viendeshi vya kerneli ile ile. Na kama mjenzi alisahau kuchagua kiendeshi cha redio wakati wa kukompaili, hakuna mpangilio utakaokirudisha mpaka ajenge tena.

Njia ya nusu kwa nusu

Je, kama kerneli ya mwezi uliopita ilikuwa nzuri na ya mwezi huu ni mbovu, na kati yake mjenzi ameweka mabadiliko 1,000? Atayapitia yote?

Wenyeji wa vijiji vyenye bomba refu wanalijua jibu. Maji yakitoka tangini yasifike kijijini, hutembei hatua kwa hatua kukagua bomba zima. Unakwenda katikati. Kama maji yapo, tatizo liko mbele. Kama hayapo, liko nyuma. Unaigawa tena nusu iliyobaki, mpaka ufike kwenye tundu.

Wajenzi wa kerneli hufanya vivyo hivyo kwa programu iitwayo Git, ambayo Torvalds mwenyewe aliianzisha mwaka 2005. Hujenga kerneli ya katikati, huijaribu, husema nzuri au mbovu, na programu inachagua katikati nyingine. Kwa mabadiliko 1,000, majaribio kama 10 yanatosha kulipata lile moja lenye kosa. Masharti ni mawili: kila jaribio lipewe muda wa kutosha, na mtu awe mkweli anaposema "nzuri". Jibu moja la haraka haraka linakupeleka kwenye nusu isiyo yake.

Kwa wenye kompyuta za Linux

Shule na redio ndogo kadhaa hutumia kompyuta za Linux. Kanuni ni zile zile, na kazi ni rahisi zaidi. Usifute kerneli ya zamani unapoweka mpya. Kompyuta ikiwaka, menyu ya mwanzo hukuruhusu kuchagua ya zamani kama mpya imegoma. Amri ya dmesg huonyesha maandishi ya kerneli inayofanya kazi. Na ukishuku kumbukumbu, programu ya memtest huiendesha kompyuta usiku kucha bila mfumo mwingine ndani na kuripoti kama kuna sehemu mbovu. Ikionyesha makosa, usihangaike kujenga kerneli nyingine kabla hujabadilisha chipu za kumbukumbu.

Maswali ya kumuuliza fundi

Kabla hujamwachia mtu simu yako, muulize: kerneli hii imetoka kwa nani? Ni ya aina yangu hasa, namba ya modeli hiyo hiyo? Umetunza nakala ya kerneli ya kiwandani ili turudi tukikwama? Umebadilisha kasi au volti? Vitu vyangu vitafutwa? Fundi mzuri hachukizwi na maswali haya.

La kwanza ni zito kuliko unavyodhani. Kerneli huona kila kinachopita ndani ya simu, pamoja na namba za siri unazoandika. Ukiweka kerneli ya mtu usiyemjua kwenye simu yenye programu ya benki au ya kutuma fedha, umempa ufunguo wa nyumba. Baadhi ya programu hizo huligundua jambo hili na kukataa kufunguka kwenye simu iliyofunguliwa kufuli ya kiwandani. Si ubaya wao, wanakulinda.

Kwa ufupi

1. Okoa picha, majina, kumbukumbu na namba za IMEI kwanza.
2. Andika kila tukio: saa, kazi, chaji, joto.
3. Tofautisha kuzima kabisa na kujiwasha upya.
4. Jaribu hali salama, kisha bila memori kadi, kisha kwa chaja nyingine.
5. Rudisha kerneli ya kiwandani kabla ya kununua kifaa chochote.
6. Ikijiwasha upya, usichomoe betri. Maneno ya mwisho yasomwe mapema.
7. Kuanguka mahali pamoja ni kosa la programu au kifaa hicho. Kuanguka kila mahali ni volti, kasi, joto au kumbukumbu.
8. Badilisha kitu kimoja tu, na ukipe muda.

Yule kijana hatukugombana. Alikuja nyumbani na daftari lake, akanakili saa zote nilizoandika, akasema kwamba kerneli atakayomjengea mtu mwingine ataiweka juani kwanza. Mimi nami nimejifunza kubeba simu ya pili mnadani. Jumamosi ijayo nitakuwa huko tena na bei zenu.